Plaizi Iliyobaki Kagunga

Mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, kitenge cha mke wangu na hotuba tatu ndefu, nami nikakabidhi funguo za chumba cha meno nikarudi nyumbani Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kupumzika. Sikupumzika hata wiki moja. Zuhura, ambaye sasa ndiye mkuu wa kitengo, alikuja na daftari jipya akaniambia niandike miaka yangu ya kazi ili isomwe kwenye mafunzo ya mwaka huu. Alipofika mlangoni aligeuka akaongeza maneno machache, na hayo nitayaeleza mbele. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala na nani. Mambo hayo yamo kwenye faili langu, na mchwa wa masijala wameshayasoma.

Nilifika Kigoma kwa treni, nimetoka chuo, nina koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi Kasulu mara mbili kwa furaha. Chumba cha meno kilikuwa na kiti kimoja kisicho na sehemu ya kuegemeza kichwa, mashine ya kutobolea meno inayoendeshwa kwa kukanyaga kwa mguu, jiko la mchina la kuchemshia vyombo, na Mzee Rajabu. Huyu alikuwa mhudumu wa chumba, mwenyeji wa Ujiji, na alikuwa amewaona madaktari wengi wakija na kuhama kabla yangu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mvuvi mwenye shingo nene na gego lililooza. Nilihangaika naye hadi jasho likanidondoka juu ya kifua chake. Mzee Rajabu aliacha kuosha vyombo akaniambia kwa upole, "Daktari, umesimama upande wa mlango, ndiyo maana anakukimbia. Hamia huku, umzibie njia." Nikahama, jino likatoka. Chuoni hawakunifundisha hilo.

Yeye ndiye aliyenifundisha waya. Taya likivunjika, mnajua, kazi yenyewe ni kuyarudisha meno yalipokuwa yanakutana, kisha kuyafunga ya juu na ya chini pamoja kwa waya wa chuma kisichoshika kutu, mdomo usifunguke mpaka mfupa uunge. Ni wiki sita hivi. Nilijua hayo kwa maandishi. Mzee Rajabu alinishika mkono akanionyesha kusokota waya kwenda kulia, kila mara kulia, hata kama kona imekaa vibaya. "Wewe ukihamishwa kesho," alisema, "atakayefungua ajue azungushe wapi." Nimesokota kulia maisha yangu yote. Hata mfuko wa sukari nyumbani nausokota kulia.

Mara moja kwa mwaka alikuja Daktari Mbonde, bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, kwa treni kutoka Dar es Salaam, kutufundisha kwa wiki moja. Mkoa mzima haukuwa na bingwa kama yeye, kwa hiyo sisi tuliokuwepo ndio tulioshika mataya ya watu, na mafunzo hayo ndiyo yaliyotutenganisha na ukatili mtupu. Alikuwa mwalimu mzuri na mwenye haraka. Mwaka wa kwanza alituma vinunuliwe vichwa sita vya mbuzi ili tujifunze kufunga waya, akasahau kwamba mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Tulifunga magego tu, yeye akanuna hadi chai ya saa nne. Jioni mke wa Mzee Rajabu akapika supu ya vichwa vile, na hiyo ndiyo sehemu ya mafunzo iliyosifiwa kuliko zote.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Daktari Mbonde aliiandika ubaoni kila mwaka na kuipigia mstari. Mgonjwa aliyefungwa mdomo akitapika, matapishi hayana pa kutokea. Yatarudi ndani, yataingia kwenye mapafu, na atakufa mbele yako kwa muda mfupi kuliko unaotumia kumtafuta muuguzi. Kwa hiyo plaizi ya kukatia waya ikae kwenye kitanda cha mgonjwa, upande wa kichwani, usiku na mchana. Tuliandika kwenye madaftari yetu: plaizi ikae kitandani. Pale wodini tuliifunga kwa kamba kwenye chuma cha kitanda, kwa usalama wa mgonjwa na pia kwa sababu mafundi wa hospitali walikuwa wanaipenda sana. Tukazoea kusema "plaizi ya kitanda". Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mgonjwa akiondoka kitandani inakuwaje.

Basi wakimbizi wakaja. Ninyi mliozaliwa baadaye mmesikia habari zile kwa wazee wenu, sitazirefusha. Walishuka kutoka Burundi hadi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, ambako ufukwe ni mwembamba na njia ya kutoka ni maji tu. Watu walilala wamebanana mpaka ukingoni mwa ziwa. Maji hayo hayo ndiyo waliyokunywa na ndimo walimojisaidia, na kipindupindu hakikuchelewa. Nilipelekwa huko pamoja na Mzee Rajabu, na sanduku moja la vyombo, kwa sababu miongoni mwa majeruhi walikuwemo waliopigwa usoni. Tulipewa hema moja, meza ya mbao na mkeka. Kitanda hakikuwepo. Plaizi tuliyokuja nayo ilikuwa moja, nyingine tuliiacha wodini Kigoma, na kwa kuwa hapakuwa na chuma cha kuifungia niliitia mfukoni mwa koti langu.

Siku ya tatu aliletwa seremala mmoja, jina lake Nestori. Alikuwa amepigwa kwa kitako cha bunduki, taya la chini limevunjika mahali pawili, na kwa siku nne alikuwa ametembea milimani akilishika kwa mkono. Mkewe, Goreti, alikuwa na mtoto mgongoni. Mimi ni Muha, na Kiha changu na Kirundi chake vinaelewana bila mkalimani. Ninalisema hili ili msije mkanitafutia udhuru wa lugha.

Nilifanya kazi nzuri. Niliyafunga yale meno kwa saa mbili na nusu, yakakutana kama yalivyokuwa kabla hajapigwa, na waya wote ulilala vizuri bila kumchoma shavu. Niliazima kamera nikapiga picha mbili. Goreti alichungulia akauliza, "Muganga, azorya gute?" Atakulaje? Nikakata bua la jani la papai, nikamwonyesha kwamba lina tundu katikati, na jinsi ya kulipitisha nyuma ya gego la mwisho ili mgonjwa afyonze uji. Nestori akacheka kwa macho. Nikamwambia Goreti ampe vikombe viwili vya uji wa muhogo kabla ya safari, maana hajala siku nne.

Ndiyo, nilimwambia hivyo. Vikombe viwili.

Boti ya Kigoma ilikuwa inaondoka mchana huo. Ningeweza kumbakiza siku mbili tatu. Lakini hemani kipindupindu kilikuwa kinachukua watu kila siku, na niliona mgonjwa wangu atakuwa salama zaidi wodini, kwenye kitanda chenye plaizi yake. Tulimsindikiza mpaka majini. Mzee Rajabu alikuwa amembeba mtoto. Kabla hawajapanda alinigeukia.

"Na plaizi, daktari?"

"Ipi?"

"Hiyo ya mfukoni. Haendi nayo?"

Wagonjwa wanne walikuwa wananisubiri hemani, na bila plaizi huwezi kukata ncha za waya. Nikamjibu, "Hii ni ya huku, Mzee Rajabu. Kule kitandani ipo ya kwake."

Akampa Goreti mtoto. Boti ikaondoka. Mimi nilisimama pale mkono wangu ukiwa mfukoni, na nilijisikia vizuri sana siku ile. Nataka mlijue hilo pia.

Baada ya saa moja hivi upepo ulishuka kutoka milimani. Wenyeji wa ziwa hili mnalijua likichafuka. Yaliyofuata niliyasikia kwa Goreti mwenyewe, siku tano baadaye, niliporudi Kigoma na kumkuta ameketi nje ya chumba cha meno. Boti ilirushwa huku na huku walipokuwa wanapita Gombe, na karibu kila mtu alitapika. Nestori naye. Alisimama, akashika mdomo wake, akaanza kujipiga kifuani. Wote waliona tatizo ni nini, hakuhitajika daktari kuwaeleza. Mwenye boti alikuwa na spana moja ya kufungulia plagi na kisu cha kupasulia samaki. Walimlaza, watu watatu wakamshika, mmoja akapitisha kisu kwenye waya, kisu kikateleza kikamchana midomo. Goreti alijaribu kuusokotoa kwa vidole, na kucha zake mbili ziling'oka. Alinionyesha. Nestori alikufa boti ikiwa katikati ya ziwa, mdomo umefungwa vizuri kabisa.

Aliniambia haya yote kwa sauti ndogo, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, nadhani ili niyachukulie kwa uzito: "Muganga, ile waya ulifunga na mikono yako. Cha kuifungua kilikuwa wapi?"

Nikamjibu kwa Kiha. Nilimwambia majeraha yake yalikuwa makubwa, kwamba alikuwa na damu ndani ya kichwa isiyoonekana, kwamba hata angekuwa wodini asingepona. Nilimdanganya kwa lugha ya mama yangu. Goreti alisema, "Ego," yaani ndiyo, akafunga mtoto mgongoni akaenda kwenye foleni ya magari ya kambini. Sikumwona tena. Kwenye fomu niliandika: amefariki kutokana na majeraha ya kichwa.

Mwaka ule mafunzo yalifanyika kama kawaida. Daktari Mbonde alitaka kila mshiriki alete kisa kimoja alichokitibu, na mnajua tunavyochagua visa: kila mtu huleta kile kinachompendeza. Mimi nilileta picha zangu mbili. Nilieleza jinsi taya lilivyovunjika, jinsi nilivyofunga, vipimo vya waya, bua la papai. Nilimaliza kwa kusema, "Mgonjwa alisafirishwa kwa boti kwenda Kigoma kwa matibabu zaidi." Kila sentensi niliyosema ilikuwa ya kweli. Walinipigia makofi, na Daktari Mbonde akaniomba zile picha azitumie kufundishia mikoa mingine. Mbele kabisa aliketi binti wa Ujiji, tabibu wa meno mpya aliyekuwa anapelekwa Ilagala, anaandika kila neno langu kwa mwandiko mdogo mzuri. Huyo ndiye Zuhura.

Watu walipokwenda kula, Mzee Rajabu alibaki anakusanya vikombe. "Umewaonyesha waya, daktari," alisema. "Boti hukuwaonyesha."

"Na wewe mbona hukusema?"

"Mimi mhudumu. Nikisimama mbele ya bingwa, kesho nitakuwa nauza dagaa." Akapangusa meza. "Lakini nimesema sasa."

Nilikasirika naye. Kwa miezi kadhaa tulifanya kazi chumba kimoja tukizungumza habari za vyombo tu. Alistaafu kabla hatujapatana sawasawa, akafariki miaka michache baadaye, na mazishini Ujiji nilikaa nyuma kama mtu aliyepita njia.

Picha zangu ziliendelea kuonyeshwa kila mwaka. Nilizoea. Mtu huzoea, hilo ndilo jambo la kutisha zaidi ninaloweza kuwaambia. Nilianza hata kukubali kwamba Nestori kweli alikuwa na damu kichwani.

Kisha vita vya ng'ambo ya ziwa vikaleta Wakongo. Walivuka kwa boti, wengine wakatua Ilagala, karibu na mto Malagarasi unapomwaga maji ziwani. Zuhura alikuwa peke yake pale. Aliletewa msichana, fundi cherehani, aliyevunjika taya kwa kuangukiwa na sanduku wakati boti yao inasukumwa. Zuhura alimfunga waya. Alimfunga hasa kama kwenye picha yangu, na alimpa uji kwa bua la papai, kwa sababu daftari lake lilisema hivyo. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Akampandisha boti kuja Kigoma.

Sihitaji kuwaeleza.

Kwenye mafunzo ya mwaka ule Zuhura hakuleta picha. Alisimama mbele yetu, mikono ameishika pamoja, akasema, "Shikamooni. Kisa changu ni kwamba nimemuua mgonjwa." Akaeleza kila kitu kwa mpangilio, akitaja jina la msichana, Feza, hata uji wenyewe vikombe vingapi. Daktari Mbonde alivua miwani.

"Plaizi ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Kitandani, daktari. Kama tulivyofundishwa."

"Binti, unampandisha mgonjwa kwenye boti bila plaizi? Hilo linahitaji kufundishwa? Mtu yeyote mwenye akili angelifikiria!"

Nami niliketi safu ya pili. Nilisikia neno "mtu yeyote" na nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nawaapia, lakini mdomo haukufunguka. Zuhura alisema, "Samahani, daktari," akakusanya daftari lake akatoka nje. Kikaja kisa kilichofuata, cha jino la hekima.

Nilisimama baada ya chai. Nilichelewa saa moja na nusu, ukihesabu tangu Zuhura alipotoka, na miaka mingi ukihesabu tangu Nestori. Nilisema zile picha ni za mtu aliyekufa, na amekufaje, na kwamba niliulizwa habari ya plaizi ufukweni nikajibu hii ni ya huku. Nilisema kwamba ningesema mwaka ule, Feza angekuwa anashona nguo. Hakuna aliyepiga makofi. Daktari Mbonde alizitoa zile picha kwenye bahasha yake akazilaza kifudifudi mezani. Baadaye aliniambia, "Na mimi nilitaka picha nzuri. Sikuuliza alifika vipi." Alikuwa mtu wa haki kuliko nilivyomdhania.

Zuhura hakuwepo kunisikia. Nilimfuata hadi kwao Ujiji, nikamkuta uani anachambua mchele.

"Nimeambiwa," alisema bila kuinua kichwa. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuwa naandika, pale mbele yako, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Akaendelea kuchambua. "Basi nenda, daktari."

Hakuniamkia tena kwa shikamoo tangu siku ile. Alinisalimu "Habari za kazi", kwa adabu, miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, nami niliona ni haki yake. Ninyi mlidhani ni maringo. Sasa mjue.

Yeye ndiye aliyebuni utaratibu mnaoufuata leo mkidhani umetoka wizarani. Alikwenda kwenye duka la vifaa Ujiji akanunua plaizi za kawaida, zile zinazouzwa pamoja na misumari, akazichemsha, akazifunga kwa uzi wa nyavu. Ziliuzwa pale siku zote. Hata nilipokuwa Kagunga zilikuwa zinauzwa pale. Mgonjwa aliyefungwa mdomo huivaa plaizi shingoni, kwenye kitanda, chooni, msikitini, kanisani, kwa wiki sita. Anayemsindikiza hukaa na sisi akate waya mbili kwa mkono wake, tumwone anakata, ndipo waruhusiwe kuondoka. Anayesafiri majini, kama taya linaweza kungoja, hafungwi waya kabla ya safari, bali hufungwa bandeji kutoka kidevuni hadi utosini, hali chakula, na kazi ya waya hungoja nchi kavu. Na kila kisa kinacholetwa kwenye mafunzo lazima kimalizike kwa swali hili, ambalo yeye huliuliza mwenyewe: mgonjwa yuko wapi leo? Wakimbizi walipojaa Kagunga mara ya pili, nilipeleka plaizi kumi na mbili za wale wasioweza kungoja, zimening'inia kwenye mkono wangu, na zilirudi zote shingoni mwa watu walio hai. Lakini siandiki haya ili nisifiwe.

Sasa yale maneno ya mlangoni. Siku alipoleta daftari, Zuhura alisema, "Andika chochote unachotaka. Ila Nestori umwandike mpaka mwisho. Yule mama aliuliza swali." Akavaa viatu vyake akaondoka.

Goreti, sijui kama uko kambini, au ulirudi kwenu, au uko hai. Mtoto wako sasa ni mtu mzima na huenda anasoma. Cha kuifungua kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimekishika wakati mnaondoka.